Sifa za Kibonge

Mpwa wangu alizaliwa na kilo 2.3, na siku ile ile mama yetu akakata shauri: mtoto huyu lazima anenepe. Ukoo mzima ukaingia kazini. Chupa ya maziwa ya ng'ombe ilianza mapema mno, uji ukakolezwa sukari mpaka kijiko kinanata, na kila mgeni akaja na juisi yake ya pakiti. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa kibonge, mapaja yamejikunja mara tatu, na kichochoro chetu chote hapa Mirongo, Mwanza, kikawa kinampongeza dada: "Hongera Mama Kija, mwanao ana afya!" Huku kwetu mtoto mnene hasifiwi yeye, anasifiwa mama. Mwembamba ni shtaka la nyumba nzima.

Siibezi sifa hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na wenye uzito uliozidi ni 4 tu. Bibi aliyewahi kuzika mjukuu kwa utapiamlo akiona shavu limejaa, anamshukuru Mungu, na ana haki. Lakini utafiti kama huo wa mwaka 2015/16 ulionyesha pia kwamba wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Hao hawakushuka na mvua. Walianzia mahali.

Wengine walianzia tumboni. Uholanzi ilikumbwa na njaa kali majira ya baridi ya 1944 na 1945, chini ya Wajerumani. Vijana wa kiume waliozaliwa karibu na nyakati hizo walipopimwa kwa ajili ya jeshi wakiwa na miaka 19, wale ambao mama zao walikaa na njaa katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikutwa na unene wa kupindukia zaidi ya wenzao. Huenda mwili uliojifunza uhaba kabla ya kuzaliwa huja duniani ukiwa mwekaji akiba hodari. Sasa mpe mwekaji huyo sukari asubuhi na jioni. Mtoto aliyezaliwa mdogo anahitaji kukua, tena vizuri, ila kufukuzia kilo kwa sukari ni jambo jingine kabisa.

Kule Bristol, Uingereza, watoto zaidi ya 8,000 walifuatiliwa tangu kuzaliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2005. Waliokuwa hatarini kunenepa kupita kiasi wakifika miaka saba ni pamoja na wenye wazazi wanene, walioongezeka uzito haraka mwaka wa kwanza, na wale ambao wakiwa na miaka mitatu walitazama televisheni zaidi ya saa nane kwa wiki au walilala chini ya saa 10 na nusu kwa usiku. Hilo la usingizi ndilo lililonigusa. Nyumba nyingi za kupanga hapa ni chumba kimoja: kitanda, pazia, televisheni juu ya kabati. Tamthilia ikiisha saa nne usiku ndipo na mtoto analala. Alfajiri bodaboda zinamwamsha. Mchana atacheza wapi? Vichochoro ni vyembamba, na Mto Mirongo umejaa taka.

Kwa hiyo anayemwambia mama "mwanao mlafi" sina muda naye. Mtoto wa miaka miwili hajinunulii soda. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri vinywaji vya sukari visitolewe kabisa kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, na sisi wenye pesa mfukoni jioni ndio tunaovileta. Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, lipo hapo hapo, limejaa dagaa. Wakisagwa wakatiwa kwenye uji, hawahitaji tangazo la redioni.

Ukimpeleka mtoto kliniki mwezi ujao, usiishie kuuliza kilo. Omba apimwe urefu pia, na nesi akuonyeshe kwenye kadi uzito wake unakwendaje na kimo chake. Mstari ukiruka juu ghafla, uulizie, kama unavyouliza ukishuka.