Nishani mbili, moja niliificha

Mimi ni mzee niliyepita miaka tisini, na haya unayoyasoma ameyaandika mjukuu wangu huku mimi nikisema. Macho yangu hayaioni tena kalamu. Nimemwonya asinipambie maneno, na pale nitakaponyamaza naye anyamaze.

Chini ya kitanda changu kuna mkebe wa majani ya chai, na ndani ya mkebe huo mna nishani mbili. Moja ina utepe wa zambarau wenye mstari wa kijani katikati, na kwenye ufito wake pameandikwa Malaya. Nyingine ina utepe wa manjano wenye kingo nyeusi na mistari miwili ya kijani, na ufito wake umeandikwa Kenya. Ile ya kwanza wanangu wote wanaijua. Wameivaa wakicheza uani, na mmoja wao aliwahi kuipeleka shuleni bila ruhusa, nikamchapa. Ya pili hakuna aliyepata kuiona isipokuwa marehemu mke wangu.

Niliandikwa Keya mwaka wa 1951. Keya, kwa vijana wasiojua, ndiyo KAR, jeshi la Mwingereza lililokuwa na askari weusi na maofisa weupe. Mimi ni Mkamba wa Machakos, na nyakati hizo Wazungu walikuwa wamejitia kichwani kwamba Mkamba huzaliwa askari. Hatukuwabishia. Mshahara ulikuwa mshahara. Lakini baba yangu hakufurahi hata kidogo. Yeye alikuwa miongoni mwa watu wa Ukambani waliotembea kwa miguu hadi Nairobi mwaka wa 1938 pamoja na Muindi Mbingu, kudai ng'ombe wao waliotwaliwa na serikali kwa kisingizio kwamba mifugo imezidi ardhi. Aliniuliza swali moja tu: "Unakwenda kumlinda nani?" Nikamjibu kwamba ninakwenda kutafuta karo ya wadogo zangu. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa jibu la swali lake.

Mwaka wa 1952 kikosi chetu, cha tatu, kilipandishwa meli Kilindini. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuiona bahari. Sajini wetu, mzee aliyekuwa amepigana na Wajapani huko Burma, alitucheka tulivyokuwa tukitapika, akasema bahari ni kama mke mpya, utamzoea. Hatukuizoea.

Malaya (siku hizi ni Malaysia) ilikuwa katika kile Waingereza walichokiita Hali ya Hatari, tangu Juni 1948, walipouawa Wazungu watatu wa mashamba ya mpira huko Perak. Hawakuiita vita. Inasemekana walikwepa neno hilo ili kampuni za bima zisikatae kuwalipa wenye mashamba ya mpira na migodi ya bati. Nami nakwambia, msomaji, aliyepigwa risasi katika Hali ya Hatari hufa vilevile.

Tuliambiwa adui ni majambazi. Baadaye agizo likaja kwamba tuwaite magaidi wa Kikomunisti. Walikuwa Wachina kwa wingi, na kiongozi wao alikuwa kijana aliyeitwa Chin Peng. Jambo ambalo hatukuambiwa, nami nililijua miaka mingi baadaye, ni kwamba huyo Chin Peng alipigana bega kwa bega na Waingereza dhidi ya Wajapani, na mwaka wa 1946 wao wenyewe walimvika nishani. Ndipo nikamkumbuka Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, ambaye naye alikuwa askari wa Keya huko Burma kabla ya kuingia msitu wa Mlima Kenya. Mwingereza aliwafunza wengi kazi ya msituni.

Tulipelekwa upande wa Pahang. Sitakuchosha kwa hadithi za vita, kwa kuwa vita vyenyewe vilikuwa kutembea. Tulitembea siku kumi, siku kumi na nne, mvua juu na matope chini, msitu mzito kiasi kwamba saa sita mchana ungedhani ni magharibi. Ruba walipenya hata kwenye matundu ya kamba za viatu. Tulikuwa na waongozaji kutoka Sarawak, Wadayaki, watu wafupi wenye michoro mwilini, ambao waliweza kutazama jani lililokunjika wakakwambia ni watu wangapi wamepita na lini. Katika miezi yangu yote huko nilimwona adui aliye hai mara mbili tu, na zote mbili nilimwona mgongo. Wenzetu kadhaa walizikwa huko. Mmoja alilala kitanda cha pili kutoka changu, na alikuwa akiimba usingizini.

Lakini si msitu unaonirudia usiku. Ni lango.

Waingereza walikuwa wametambua kwamba watu wa msituni hula chakula cha watu wa nje. Basi tangu mwaka wa 1950 waliwahamisha watu karibu nusu milioni, wengi wao Wachina maskini waliolima ukingoni mwa msitu, wakawatia katika vijiji vipya vilivyozungushiwa seng'enge, vyenye lango na taa na saa ya kutotoka nje. Mchele ulipimwa kwa kila mtu. Mikebe ya chakula ilitobolewa dukani papo hapo iliponunuliwa, ili isiweze kuwekwa akiba. Alfajiri, wagema mpira walipokuwa wakitoka kwenda kazini, walipekuliwa mmoja mmoja. Watu walificha mchele ndani ya pampu za baiskeli, ndani ya vyuma vya baiskeli yenyewe, na chini ya mabaki ya chakula cha nguruwe.

Kazi hiyo ya lango ilikuwa ya polisi hasa, lakini kuna majuma tuliyowasaidia. Asubuhi moja alikuja kikongwe mwenye mti begani, na ndoo mbili za chakula cha nguruwe zikining'inia huku na huku. Kila mtu alimwacha apite kwa sababu ya uvundo. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini niliyetaka kusifiwa. Nilikunja mkono wa shati, nikatia mkono ndani ya ndoo hadi kwenye kiwiko, nikatoa kifuko cha mchele. Ulikuwa kama kibaba kimoja. Bibi yule hakulia wala hakunitazama. Aliinama, akaanza kuokota punje zilizoanguka matopeni, moja moja, mpaka polisi walipomwondoa. Sikujua alikopelekwa. Afande wangu alinipiga begani akasema, "Vizuri sana." Nilifurahi siku nzima, na sitaki kukuficha hilo.

Tulirudi nyumbani mwaka wa 1953. Tuliposhuka Mombasa tulikuta maneno yaleyale yametutangulia: Hali ya Hatari, iliyotangazwa hapa tarehe 20 Oktoba 1952, na magaidi, na msitu. Safari hii msitu ulikuwa Nyandarua. Hata karatasi zilizorushwa kutoka angani kuwaita watu wajisalimishe zilikuwa kama zile za Malaya, ila hapa waliambiwa waje wakishika tawi bichi. Na mwaka wa 1954 vikaja vijiji. Watu zaidi ya milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walivunjiwa nyumba wakasongamanishwa vijijini. Kule Malaya kulikuwa na mtawala, Jenerali Templer, aliyependa kusema kwamba vita hivyo vingeshindwa kwa kupata mioyo ya watu. Sikuona mtu akitafuta moyo wa mtu katika Murang'a. Hata mkuu wa polisi aliyewahi kusimamia polisi wa Malaya kisha akaja kusimamia polisi wa hapa, Arthur Young, alijiuzulu kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa hakuruhusiwa kuwachukulia hatua waliokuwa wakitesa watu.

Mimi sikujiuzulu. Nilisimama langoni.

Nasema hivyo kwa ufupi kwa sababu ndilo jambo zito. Akina mama walikuwa wakitoka wakisindikizwa na homgadi kwenda kuchimba lile handaki refu kando ya msitu, lililochomekwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa. Jioni walirudi wamekwisha. Asubuhi tulipekua vyondo vyao tukitafuta unga wa kupeleka msituni. Mkono wangu tayari ulijua kazi hiyo. Tulipoupata unga tuliumwaga chini, nao tuliwaacha wautazame. Nilifanya hivyo si mara moja, si mara mbili. Wale hawakuwa Wachina nisioelewa lugha yao. Kikikuyu na Kikamba ni ndugu, na nilisikia kila neno walilonitupia.

Sasa ruka nami miaka thelathini na zaidi. Mwaka wa 1986 binti yangu wa tatu alinijia na habari kwamba amepata mchumba, kijana mwalimu kutoka Murang'a. Wazee wao walikuja nyumbani kwa heshima zote, tukaketi chini ya mwembe. Kabla ya mambo ya mbuzi hayajaanza, mzee wao mmoja aliniuliza kwa upole, "Tumesikia ulikuwa askari. Wakati wa Hali ya Hatari ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Nilikuwa Malaya."

"Hadi lini?"

"Hadi mambo yalipokwisha."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alinitazama, kisha akaendelea kugawa vikombe. Hakuwahi kunilaumu kwa neno, lakini usiku huo ndiye aliyeitoa nishani ya pili sandukuni akaiweka chini kabisa ya mkebe.

Mama mkwe wa binti yangu alikuwa mtu wa mizaha. Aliniita muthoni, yaani mkwe kwa lugha yao, na alipenda kuketi nami jikoni kuliko na wanawake wenzake, akisema wanawake wana kelele. Aliniuliza sana habari za Malaya. Je, ni kweli Wachina hula nyoka? Na bahari, ina mwisho? Siku moja, miaka ya tisini, tulikuwa tukimenya mahindi, naye akaanza kunisimulia kijiji chao. Alikuwa msichana aliyeolewa karibuni, mtoto wake wa kwanza mgongoni. Alikuwa ameficha unga chini ya majani ya viazi vitamu kwenye kiondo, na haukuwa wa msituni, ulikuwa wa mama yake aliyekuwa mgonjwa katika kijiji cha pili. Akaja askari wa Keya, kijana, akakunja mkono wa shati taratibu, akatia mkono hadi chini, akaumwaga.

"Alikunja mkono wa shati," alirudia, akicheka kidogo. "Hakutaka shati lichafuke, muthoni."

Mama yake alifariki kabla ya mvua.

Sijui kama alikuwa mimi. Askari wa Keya walikuwa wengi na vijiji vilikuwa mamia. Nimehesabu miezi, nimehesabu malango, nimejaribu kukumbuka kila uso, na nyuso hazinijii, hunijia mikono tu. Ningeweza kumwuliza jina la kijiji. Jina hilo lingetosha. Nilichukua hindi jingine nikaendelea kumenya.

Mwaka wa 2013, Serikali ya Uingereza ilipokubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa wakati ule, tulisikiliza redio pamoja. Yeye hakuwa miongoni mwao, kwani unga uliomwagwa haukuhesabiwa. Mwaka huohuo, Septemba, Chin Peng alifariki Bangkok, mzee kama sisi, bila kuruhusiwa kurudi kwao. Nilimweleza, akasema, "Maskini, hata angezikwa tu kwao." Nilitoka nje nikajifanya ninatazama mbuzi.

Alifariki mwaka jana. Katika mazishi niliombwa niseme machache kama mzee wa upande wa bibi arusi wa zamani zile. Nilisimama, nikasema alikuwa mtu wa mizaha, na kwamba alipenda kunisikia nikisimulia Malaya. Watu wakapiga makofi. Niliketi, na tangu siku hiyo sijalala vyema.

Mkwe wangu, yule mwalimu, amestaafu sasa. Ndiye mtoto aliyekuwa mgongoni. Kila Jumapili baada ya kanisa huniletea gazeti hili na mkate, kisha hunisomea kwa sauti, kurasa hizi za familia akianza nazo kwa sababu anajua sipendi siasa. Mjukuu wangu amemaliza kuandika na ameniuliza kama nina hakika. Nimemwambia atoe mkebe chini ya kitanda, azifute nishani zote mbili vumbi, aziweke mezani, halafu apike chai ya watu wawili.