Upofu wa Mchezoni na Upofu wa Kweli

Vijana wetu wa leo wana michezo ambayo wazee wao hawakuijua, nayo huchezwa katika kompyuta. Wazazi wengi huiona yote kuwa mamoja: ama huikataza bila ya kuitazama, ama huiacha bila ya kuuliza. Sisi twaona kwamba si haki kukihukumu kitu kabla ya kukijua. Na kwa kuwa yuko mpwa wetu nyumbani aliyeshughulika mno na mmoja katika michezo hiyo, tulikaa naye usiku baada ya usiku hata tukaufahamu. Jambo moja lililomo ndani yake limetupa mazingatio, nalo ni upofu.

Mchezo wenyewe waitwa NetHack. Ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1987, na asili yake yarejea kwenye mchezo wa kale zaidi uitwao Rogue, wa mwaka 1980. Hauna picha za kupendeza. Ramani yake ni herufi na alama tu: mchezaji ni @, mbwa wake mdogo ni d, na kuta ni vistari. Mchezaji hushuka katika mapango ya chini ya ardhi kutafuta hirizi ya Yendor, na mapango hayo hupangwa upya kila uanzapo mchezo. Akifa amekufa, hana budi kuanza tena tangu mwanzo. Mambo yote huenda kwa zamu: yeye hutenda lake moja, kisha viumbe vya pangoni hutenda lao.

Katika safari hiyo mchezaji aweza kupofuka kwa sababu nyingi: nuru ya manjano imepasuka karibu naye, au kunguru amemdonoa macho, au amekunywa dawa asiyoijua, au ametupiwa keki ya malai usoni. Upofu ukimshika, alichokwisha kukiona hukikumbuka, lakini jipya halioni. Adui aliyekutana naye gizani huandikwa kwa herufi I, maana yake hapa palikuwa na kitu, na huenda sasa kimekwisha kuondoka. Kilicho chini ya miguu yake hukijua kwa kupapasa. Na mkono mtupu ukigusa mzoga wa kiumbe aitwaye cockatrice, mfano wa jogoo aliyechanganyika na nyoka, mchezaji hugeuka jiwe papo hapo. Hati hawezi kuisoma, ila ile aliyokwisha kuijua.

Walakini upofu huo si hasara tupu. Liko jicho moja la buluu lielealo hewani, ambalo halimshambulii mtu; lakini mwenye kuona akilipiga kwa upanga, hupigwa na ganzi, akasimama kama gogo mpaka wapitao njia wamuue. Kipofu hulipiga asidhurike. Na mwenye kula nyama ya jicho hilo hupata kipawa cha ajabu: kila apofukapo huhisi viumbe vyote vyenye akili vilivyomo katika ngazi ile ya pango, hata vilivyo nyuma ya kuta. Kadhalika yuko Medusa, mwanamke wa hadithi za Wayunani, ambaye mtazamo wake humgeuza mtu jiwe. Wachezaji wengi humwendea wamejifunga kitambaa machoni kwa makusudi. Na upofu uliokuja kwa bahati mbaya una dawa: kula karoti, au kutumia pembe ya mnyama wa hadithi mwenye pembe moja, au kungoja tu mpaka hesabu ya zamu ishe.

Hatutawaficha wazazi kwamba mna humo jambo tusilolipenda. Mchezaji aweza kuomba apone, lakini waombwao ni miungu ya uwongo, mingine ikiwa na majina ya masanamu ya kale kama Odin na Tyr, na maombi yenyewe yana hesabu ya zamu kama deni la dukani. Tulimwambia mpwa wetu kwamba mlango huo asiupitie, wala asiuzoeze ulimi wake maneno hayo hata kwa mzaha. Naye alikubali, na mwenye kutaka hukumu zaidi awaulize masheikh wake.

Lililotushughulisha zaidi ni neno alilolisema siku moja bila ya kukusudia ubaya: kwamba upofu ni jambo jepesi, mtu huvumilia zamu mia ukaondoka. Basi tukamchukua kwa mwalimu wetu wa chuo, mzee aliyepofuka utotoni, ambaye ametusomesha Kurani sisi na wengi wa mtaa wetu. Kijana alimwamkia, akamweleza mchezo wote, na mzee akasikiliza kwa furaha. Alipofika kwenye kipawa cha lile jicho, mzee alicheka.

"Mwanangu," alisema, "watu hudhani nami nina kipawa hicho, kwa kuwa nawajua kwa nyayo zao. Sina. Nimesikiliza miaka sitini, basi. Na Kurani sikuipata kwa muujiza. Niliirudia mpaka koo likakauka. Lakini niambie, huyo kipofu wako, yuko amshikaye mkono?"

"Ana mbwa wake, Maalim, lakini hamwoni."

"Basi mashaka yake ni makubwa kuliko yangu." Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwa sauti ya chini kwamba zamani vijana walikuwa wakigombania kumpeleka msikitini alfajiri, na sasa zapita siku nyingi akasali chumbani, kwa kuwa barabara imejaa pikipiki naye hathubutu kuivuka peke yake.

Hatukuwa na la kumjibu, wala kijana hakuwa nalo.

Yatupasa kutenganisha mambo. Habari ya karoti ina ukweli ndani yake, kwani imo karotini chakula ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na mtoto aikosaye huanza kutoona magharibi iingiapo, kisha macho yaweza kuharibika kabisa. Lakini karoti haiondoi mtoto wa jicho, ambaye ndiye sababu kubwa ya upofu duniani. Huyo huondolewa na daktari kwa kupasuliwa, na wazee wengi wamerudishiwa nuru yao kwa njia hiyo. Mwenye mzee anayefifia macho asimwache akangoja zamu ziishe. Na upofu usio na dawa hauna hesabu ya zamu, una subira, nayo malipo yake ni Pepo, kama alivyotubashiria Mtume wetu (s.a.w.).

Tumependezwa pia na hili: kitabu cha maelezo ya mchezo huo kina sehemu ya kuwaelekeza vipofu wa kweli namna ya kuutayarisha, kwa kuwa herufi zake zaweza kusomwa na vyombo vya sauti na vya maandishi ya nukta nundu. Ikiwa watu wa mchezo wamemkumbuka kipofu, je, sisi watu wa msikiti?

Nasi tunao mfano ulio bora. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, na kwa ajili yake iliteremka Surat Abasa. Mtume (s.a.w.) alimfanya mwadhini pamoja na Bilal (r.a.), na zaidi ya mara moja alimwachia Madina alipotoka kwenda vitani. Yasimuliwa kwamba hakuwa akiadhini alfajiri mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Tazameni, ndugu zetu: sauti ilikuwa yake, na macho yalikuwa ya jirani zake; wala hakuna aliyeona kwamba kazi hiyo ingempasa mwenye macho.

Mpwa wetu sasa ameandika majina ya vijana saba wa mtaani, kila mmoja na siku yake ya kumvusha Maalim barabara kabla ya alfajiri. Yeye amejiwekea Jumatatu. Wiki mbili zimepita bila ya kukosekana mtu, na kuendelea ndiko kugumu. Enyi vijana, katika kila mtaa yuko mzee kama huyu. Ulizeni leo ni zamu ya nani.

Wabillahi taufiq.