Barafu Haitaki Nguvu

Watu wa nyumbani Dunda wakiniuliza ninaishi sehemu gani, huwajibu kuwa ninaishi pwani. Siwadanganyi. Oulu, kaskazini mwa Ufini, ni mji wa bandari, ila bahari yake huganda, na katikati ya Desemba jua huonekana kwa takriban saa tatu na nusu tu kwa siku. Ni mji wa baiskeli pia. Watoto huziendesha kwenda shule juu ya theluji, na mwaka 2013 mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu baiskeli za majira ya baridi ulifanyika hapa.

Mimi napanda ya umeme, kwa sababu zamu yangu ya usafi huanza kabla ya basi la kwanza. Mama haipendi. "Mwanangu, ukivunjika huko nani atakuuguza?" Swali lake lina hesabu ndani. Mkono unaoshika ufagio huku ndio unaolipa ada ya wadogo zangu kule. Mwenzangu mmoja aliteleza akavunjika kifundo cha mkono. Kazi yetu ni ya kuitwa. Wiki zote alizofungwa hogo, hakuitwa.

Hatari ya baiskeli ya umeme kwenye barafu ni ule msaada wake. Mota inaruhusiwa kukusukuma hadi kilomita 25 kwa saa, na kwenye lami kavu hiyo ni raha. Kwenye barafu, ukikanyaga pedali kwa pupa, mota nayo inaongeza nguvu zake, gurudumu linazunguka bila kushika, na uko chini kabla hujajua kilichotokea. Ndiyo maana naiweka kwenye msaada mdogo kabisa na kuondoka polepole.

Somo hili nililipata kabla sijaiona theluji. Baba alichuuza samaki kwa baiskeli, tenga nyuma, akipita ufukweni maji yakipwa. Mchanga uliolowa karibu na maji hubeba tairi. Hatua chache juu yake, gurudumu linazama. Akikaribia penye mchanga laini, Baba hakukata kona wala kugusa breki ya mbele. Alikuwa ameshapunguza mwendo mapema, akanyoosha usukani na kukanyaga kwa utulivu. Tairi zake hazikujazwa upepo hadi zikakakamaa, maana tairi iliyolegea kidogo hulalia ardhi vizuri. Barafuni nafanya vilevile, neno kwa neno.

Mengine nilijifunzia huku. Zipo tairi za njumu, zenye vichwa vidogo vya chuma vinavyouma barafu. Mwenye fedha ya tairi moja aiweke mbele: gurudumu la nyuma likiteleza waweza kujiokoa, la mbele likiteleza huna nafasi. Betri hulala ndani pamoja nami. Baridi huipunguzia umbali, na haifai kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, hivyo nikirudi naiacha kwanza ipate joto la chumba. Na siku mbaya kuliko zote si ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ni siku inayokaribia sifuri, barafu ikiwa na utando wa maji juu yake. Mbaya zaidi ni theluji mpya ikishaifunika, maana macho yanaona weupe tu.

Siku kama hiyo, nikifika kwenye mteremko, nashuka na kusukuma. Wazee wa hapa hunipita wameketi wima juu ya baiskeli zao, kana kwamba wako sebuleni. Sioni haya. Wao wameijua barafu tangu utotoni. Mimi nina miaka minne nayo, na watu watano wanakula kwa mikono hii.

Mwisho wa mwezi nikishatuma fedha, Mama hupiga simu. Haulizi kiasi.

"Mikono mizima?"

"Mizima, Mama."

"Haya, endelea kwenda polepole."