Maumivu Yasiyoonekana Kwenye Picha



Wapendwa taifa la Mungu, wiki hii tunaanza kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita mama mmoja alitujia baada ya Misa, akilalamika kwamba mgongo unamuuma usiku na mchana, na hospitalini hawaoni kitu. Tukamwambia auchukue msalaba wake kwa imani. Aliinamisha kichwa, akaenda zake. Hatukumwuliza hata swali moja.

Kisha zamu yetu ikafika. Tulianguka na pikipiki tukitoka kigangoni. Majeraha yalipona, lakini maumivu ya kiuno yalikataa kuondoka. Mwaka ukapita. Usingizi ukatoweka, tukawa wakali kwa makatekista, na asubuhi nyingine tulipanda altareni moyo ukiwa mkavu. Picha za eksirei hazikuonyesha kitu. Daktari alipotuelekeza kwa mtaalamu wa saikolojia, tulichukizwa: je, ametuona waongo, au wenye wazimu?

Mtaalamu yule alituambia kwanza kwamba maumivu yetu ni ya kweli. Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango: ujumbe wa maumivu huweza kupunguzwa au kuongezwa kabla haujafika kwenye ubongo, na ubongo wenyewe una neno katika jambo hilo. Hofu na huzuni huweza kulipanua lango hilo. Ni kama mlinzi aliyewahi kuvamiwa na mwizi: sasa hupiga filimbi hata paka akipita. Mwizi hayupo, lakini filimbi inalia kweli.

Tiba ilikuwa ya kawaida kabisa. Tulitembea kwa dakika zilizopangwa, bila kuzidisha siku njema wala kujilaza siku mbaya. Tulijifunza kupumua polepole, na kulipima wazo lililotuambia kwamba utumishi wetu umekwisha. Siku moja akatuuliza habari za mwaka ule wa ajali. Wiki 3 kabla yake tulikuwa tumemzika mama yetu mzazi, tukaongoza Misa ya mazishi bila kudondosha chozi. Siku hiyo tulilia.

Maumivu hayakuisha, hata leo yapo. Lakini hayatutawali tena. Tiba hii haichukui nafasi ya daktari, wala ya Mpako wa Wagonjwa. Huenda pamoja navyo.

Tarehe 11 Februari 1984 Papa Yohane Paulo II alitoa barua ya Salvifici Doloris. Humo alifundisha kuunganisha mateso yetu na ya Kristo, lakini pia alimweka mbele yetu Msamaria Mwema, aliyesimama njiani. Mama yule tulimpa nusu tu ya fundisho.

Tulimwendea nyumbani, tukamwomba radhi, tukaketi. Aliongea hadi jua likazama. Aliyotuambia tutayatunza moyoni.

Wapendwa, katika jumuiya zenu ndogondogo wamo wanaoumwa bila kidonda. Kabla ya kuwaambia wavumilie, waulizeni: ilianza lini, na mwaka huo ulikuwaje? Kisha nyamazeni, msikilize.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee. Amina.