Kioo kirefu sio dawa: majaribio ya upepo barabara ya Manyoni

Nimepotea wiki mbili hivi, testi zilipangana kama matofali. Leo sina stori ya bumu wala ya maji kukatika hosteli. Nataka tuongee kuhusu upepo, hasa ule unaomtikisa mtu kichwa akiwa kwenye pikipiki. Wengine mna pikipiki, na msio nazo mna kaka au baba anayeitegemea, kwa hiyo msikimbie.

Mjomba wangu anauza asali, anaishi Manyoni. Mara mbili kwa wiki anafunga ndoo nyuma ya pikipiki na kuzileta Dodoma, kama kilomita 120 kuja na hizo hizo kurudi. Bumu likichelewa, asali hiyo ndiyo inayonilisha. Sasa tangu mwaka jana akaanza kulalamika. Akifika mjini kichwa kinamgonga, shingo imekaza, na usiku masikio yanalia kama nyenje wamo ndani. Mkewe akawa anamwita mara mbili mbili ndio aitike. Mwezi uliopita akaniambia, "Mpwa wangu, hii safari itanishinda. Nauza pikipiki, nabaki na wateja wa hapa hapa." Wateja wa hapa hapa wana asali yao wenyewe, jamani! Maana yake ni biashara kufa.

Nilipomuuliza vizuri, ikaonekana shida ilianza alipobadilisha kioo cha mbele. Cha zamani kilikuwa kifupi, upepo ukimpiga kifuani. Mafundi wakamshauri aweke kirefu ili upepo usimfikie kabisa. Inaingia akilini ukiisikia. Ila upepo hausikilizi ushauri wa gereji.

Ngoja niwaeleze kwa kifupi, wale wa Sanaa msifunge ukurasa. Upepo ukija wenyewe, haujagonga kitu, unasukuma tu. Unasukuma kweli, maana nguvu yake inapanda kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka 40 kwenda 80 kwa saa, msukumo haujawa mara mbili bali mara nne. Lakini ni msukumo uliotulia, mwili unauzoea. Matata yanaanza upepo unapogonga ukingo wa kioo. Nyuma ya kioo panakuwa na upungufu wa hewa, basi hewa inayopita juu inajikunja kurudi ndani, inazunguka, inaachia, inazunguka tena. Mnavijua vile vinyamkera vya vumbi vinavyotembea uwanjani hapa Dodoma wakati wa kiangazi? Chukua picha hiyo, vifanye vidogo, vipange foleni, halafu weka helmeti yako katikati ya foleni. Ndicho kilichokuwa kinampata mjomba.

Mwaka 1878 Vincenc Strouhal alichunguza waya unavyolia kwenye upepo, na namba iliyobaki na jina lake inatusaidia mpaka leo. Kwa umbo butu namba hiyo ni karibu 0.2. Zidisha kwa mwendo, gawanya kwa upana. Kioo cha mjomba kina upana wa sentimita 40, na 80 kwa saa ni kama mita 22 kwa sekunde. Jibu ni kama 11. Ni makisio tu, kioo sio waya, lakini yanakupa picha: shingo ya mzee wa miaka 56 inasukwasukwa kama mara kumi kila sekunde, kwa saa mbili. Mwambie asiumwe kichwa.

Wenye viwanda wanalijua hili zamani. BMW walipotoa R 100 RS mwaka 1976, kava lake la mbele lilikuwa limepimwa kwenye handaki la upepo la Pininfarina, Italia. Sisi handaki letu likawa barabara ya Bahi, pale palipo tambarare na pamenyooka.

Jumamosi moja asubuhi, kabla upepo haujachangamka, tukaanza. Sheria zilikuwa mbili. Kwanza, tunabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Pili, kila badiliko tunaliendesha kwenda na kurudi, ili upepo wa mbuga usitudanganye. Nikabandika nyuzi za sufu ndani ya kioo kwa selotepu, nikakaa nyuma na simu kurekodi.

Kwanza tulitoa kioo chote. Mjomba akarudi anashangaa: kifua kinasukumwa, lakini kichwa kimetulia! Hapo tukajua adui sio upepo wenyewe, ni ule uliokwisha vurugwa.

Pili, tukarudisha kioo kirefu, ila mjomba akainama kidogo. Kimya. Akasimama kwenye vikanyagio. Kimya. Akakaa kawaida, vurugu. Yaani mkao wake wa kawaida ndio unaoweka helmeti kwenye mpaka wenyewe wa hewa safi na hewa chafu. Jaribio hili halina gharama, lifanye kabla hujatoa hata senti.

Tatu, tukashusha kioo na kukisogeza mbele kwa vipande vya bomba kwenye bolti, chini pakabaki uwazi wa vidole viwili kati yake na taa. Hewa ikaanza kupenya na kujaza ule upungufu wa nyuma. Nyuzi ambazo mwanzo zilikuwa zinapeperuka kwenda juu na mbele, kinyume na safari, zikatulia. Kwa hiyo kabla hujaongeza kitu, ruhusu hewa ipite.

Nne ndio ikaja spoila, kile kipande kidogo kinachobanwa juu ya kioo. Puig wa Hispania, Givi wa Italia na MRA wa Ujerumani wanavitengeneza. Sisi tulikata cha polikaboneti, fundi akatuchongea vibanio viwili. Siri yake sio kurefusha kioo. Siri ni ule mwanya kati ya spoila na ukingo, hewa inapita hapo na kuinua mkondo juu ya helmeti. Tulipokisimamisha wima sana, vurugu zikarudi. Tulipokilaza kidogo kufuata mlalo wa kioo na kuacha mwanya wa kidole kimoja na nusu, mjomba akapiga kelele kule mbele, "Naziona namba!" Alikuwa anasoma nguzo za kilomita, ambazo kwa miezi zilikuwa zinamcheza machoni.

Tahadhari sasa. Ukingo wa juu usikatize usawa wa macho, usiku taa za magari zitakuzuga. Sugua kingo ziwe mviringo. Geuza usukani mwisho kulia na kushoto uone hakuna waya unaovutwa. Kioo kilichofungwa kwenye usukani kikiwa kikubwa kinakuwa tanga, na barabara hii ina malori ya Rwanda na Burundi. Likikupita moja, upepo wake unakushikia usukani. Anza na mwendo mdogo, kaza bolti tena baada ya safari ya kwanza. Na polikaboneti usiisafishe kwa petroli, itapasuka. Maji na sabuni inatosha.

Jambo la mwisho ndilo zito. Tafiti za Uingereza za miaka ya 1990 zilikuta kelele za upepo ndani ya helmeti zinapita desibeli 90 kwenye mwendo wa barabara kuu. Kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 100 una dakika 15 tu. Spoila inapunguza kutikiswa, lakini haikutoi kwenye kelele hizo. Dawa yake ni vizibo vya sponji vya masikioni, vinauzwa famasi kwa hela ya soda. Honi utaisikia tu, tena vizuri zaidi kuliko kuizamisha kwenye mvumo.

Mjomba pikipiki hauzi. Shingo imepona, kichwa hakimgongi. Masikio bado yanalia usiku, na daktari aliyempima amemwambia kilichokwisha kwenda hakirudi, alinde kilichobaki. Kwa hiyo wewe unayejisifu umefika Morogoro kwa saa mbili na nusu bila kitu masikioni, uko na miaka 22, nunua vizibo leo.

Mwenye swali kuhusu vipimo vya vibanio aniulize, michoro ninayo. Narudi kwenye desa, UE haina mjomba.