Usimalizie Hela Kabla Hujalizungusha Gari

Mpwapwa, Februari

Mpwa wangu,

Magoti ya mama yako yametulia na mtama umeota vizuri. Nimesikia kwa watu, si kwako, kwamba umeshatoa advansi ya Subaru Forester kwenye yadi ya Dar. Kama ni kweli, usimalizie hela kabla hujasoma barua hii mpaka mwisho.

Gari lenyewe silikatai. Kwenda kazini kwako Mtumba, Dodoma, ni lami, hata gari la kuvuta mbele tu lingekutosha. Lakini huku unakuja, na ile mbuga nyeusi ya kuingilia shambani ikishanywa mvua haimwachii mtu. Nissan X-Trail ina swichi ya kuchagua magurudumu mawili au manne. Forester inavuta magurudumu yote manne muda wote. Shida ni kwamba mfumo huo ukiharibika, gari bado linatembea na kung'aa, na dalali anakusifia.

Kuna mwalimu wa hapa alinunua kigari cha namna hiyo. Tairi za mbele zikaisha, muuzaji akamwambia abadilishe hizo mbili tu. Mbele mpya, nyuma vipara. Tairi iliyolika mzingo wake umepungua, kwa hiyo inazunguka mara nyingi kuliko mpya. Kwenye tope tofauti hiyo humezwa na utelezi. Kwenye lami kavu, klachi inayogawa nguvu mbele na nyuma ndiyo inayosuguana, na yeye alikuwa akienda Dodoma kila wiki. Ikafika mahali akikata kona kuingia shuleni gari linajikaza kama limekanyagiwa breki, tairi zinalia. Nililala chini ya gari mwenyewe: oili ya gia boksi nyeusi, inanuka kuungua. Aliuza ng'ombe apate gia boksi iliyotumika. Hakuniuliza kabla ya kununua, kama na nyinyi msivyoniuliza, mimi niliyeendesha Land Rover za mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO kwenye makorongo ya Kondoa kabla mifugo haijaondolewa kule mwaka 1979, na sikuwahi kuua difu.

Kwa hiyo nenda yadi mwenyewe. Tazama tairi: zote nne saizi moja, aina moja, zimelika sawa. Liendeshe mpaka lipate moto, kisha penye sakafu kavu kata usukani mpaka mwisho, uzunguke taratibu kulia, halafu kushoto. Likijikaza au kushtukashtuka, liache, hata kama advansi hairudi.

Injini ikiwa ya EJ, uliza taimingi belti imebadilishwa lini. Ni kila kilomita 100,000 hivi. Rejeta ifunguliwe injini ikiwa baridi, uangalie kama maji yana mafuta. Turbo achana nayo. Kadi ya gari ihamishiwe jina lako, usikubali ahadi.

Mama yako sijamwambia habari ya advansi. Nipigie ukiwa palepale yadi, kabla hujatoa hata shilingi nyingine, na umpe simu fundi utakayekwenda naye niongee naye.

Mjomba wako