Kamera Iliyomaliza Maneno Bomani Kwetu

Mimi ni mchimba dhahabu wa Osiri, Nyatike, kaunti ya Migori. Nimekulia Karungu, kando ya Ziwa Victoria. Humo ziwani tulioga, tulivua na kuchota maji ya kupikia.

Jioni moja, nikiwa nimetoka shimoni, nilitapika damu yenye mabonge. Iliporudia, maneno yakaanza. Wenzangu machimboni walisema ni vumbi la mawe. Nyumbani walisema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, kwa kuwa shemeji yangu, mjane wa kaka, alipanda mahindi kabla ya nyumba kubwa. Shemeji akaacha hata kuja kunijulia hali. Niliumia kwa ajili yake, lakini sikuwa na la kumtetea.

Hospitalini daktari akasema, "Tutaingiza kamera, tuone kunakotoka damu." Nililala bila kula. Asubuhi wakanipulizia dawa ya ganzi kooni, wakanilaza kwa ubavu wa kushoto, wakanipa kidude cha plastiki nikiume. Mrija mweusi ukashuka polepole. Ndani yake mna nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zinazopeleka mwanga tumboni hata mrija ukijipinda. Nchani mna kamera ndogo. Daktari Basil Hirschowitz alijiingizia kooni mrija wa kwanza wa namna hiyo huko Marekani mwaka 1957. Wakati huo hata picha ilirudi kwa nyuzi za kioo.

Skrini ilikuwa mbele yangu. Nikaona mishipa ya umio imevimba, ya samawati, mmoja una doa jekundu. Daktari akaifunga mmoja mmoja kwa vipete vya mpira.

Vipimo vya choo na picha ya ini vilithibitisha kichocho. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa ziwani vilipenya ngozi yangu, vikakua kuwa minyoo, na mayai yake yakatia ini makovu. Damu ilipokosa njia ya kupita kwenye ini, ikajaa kwenye mishipa ya umio hadi ukapasuka mmoja. Nilipewa vidonge vya prazikwanteli kuua minyoo. Makovu yamebaki, kwa hiyo narudi kliniki kukaguliwa kwa kamera.

Nilirudi bomani na picha iliyochapishwa. Baba aliishika kwa mikono miwili.

"Hili ni koo lako kweli?"

"Ndiyo, baba. Nilikuwa macho wakiifunga hiyo mishipa."

Akatuma mtoto amwite shemeji. Alipoingia, baba akamwambia mbele ya wote kwamba hana hatia. Tangu siku hiyo tunakula naye.

Sasa kila kijana wa ziwani anayeingia shimoni kwetu namwambia apime kichocho mapema, kwa maana vidonge hufaa zaidi kabla ini halijapata makovu. Na ukiona mtu anatapika damu, mkimbize hospitali usiku huohuo. Mambo ya nani alipanda lini yatangoja.